Gari Sita, Gari Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na nane. Nimeishi muda mrefu kuliko injini kumi na moja, mameneja wanne wa uwanja, na daktari mmoja aliyesema kwa moshi ninaovuta karakanani sitafika sitini. Yeye ndiye ambaye hakufika. Mimi huyu hapa, natafuna karanga kwa meno yangu mwenyewe. Yote manne.

Naanza daftari hili kwa sababu leo mkwe wangu amenitukana. Hakutumia mdomo. Ametumia kompyuta.

Ilikuwa kwenye kikao cha timu. Timu ni mimi, binti yangu ambaye ndiye bosi, mume wake mwenye kompyuta, mjukuu wangu wa kike ambaye ndiye dereva, na Fundi Tairi, aliyekalia tairi kama kawaida yake. Jumapili ni mbio za ishirini katika uwanja wetu. Mkwe akasimama akaonyesha duara la rangi rangi, kama keki iliyogombaniwa na watoto. Akasema hiyo ndiyo rekodi yetu hapa uwanjani. Mbio kumi na tisa. Tumeshinda mara nne. Ya pili mara tatu. Ya mwisho mara mbili. Hatukumaliza mara sita. Tumefutwa mara mbili. Mara moja tulishinda, ila mzunguko mmoja baada ya mbio kwisha, kwa kuwa dereva wa enzi hizo hakuiona bendera. Na mara moja hatukuanza kabisa, kwa sababu ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwangu na mimi nilikuwa harusini.

Harusi yenyewe ilikuwa YAKE! Hilo hakulitia kwenye duara.

Akamalizia kwamba kwa jumla ni rekodi mchanganyiko.

Mchanganyiko! Nikamwambia mchanganyiko ni petroli na oili. Timu niliyoiunda kwa mikono hii, kwa boneti la lori la maziwa na kiti cha kinyozi, haiwezi kuitwa mchanganyiko. Akasema tarakimu hazidanganyi, Baba. Nikasema hazidanganyi, lakini zinasengenya. Fundi Tairi akacheka. Huyo mtu ana akili.

Kisha likaja lenyewe. Mkwe anataka dereva awekewe redio masikioni, tuachane na KIBAO. Kwa asiyejua: kibao ni ubao mweusi wenye mpini mrefu. Unachomeka herufi za bati, unakiinua juu ya ukuta ulio kando ya njia, dereva akipita anasoma. INGIA. ENDELEA. BADO TATU. Kibao ni mimi na mimi ni kibao, mwaka wa thelathini na nane huu. Kusoma kwenyewe nilijifunzia hapo, herufi moja moja. Ndiyo maana kubwa nazijua na ndogo zinanikimbia.

Binti yangu akakata shauri. Akasema Jumapili tukiingia tatu bora, kibao kinabaki kwangu. Tusipoingia, kibao kinaenda stoo na mimi naenda jukwaani na mto wa kukalia. Akaapa mbele ya wote.

MTO WA KUKALIA.

Jumanne, 4 Machi

Habari njema! Meneja mpya wa uwanja (wa tano; huyu naye tutaona) ametangaza kwamba kwa heshima ya mbio za ishirini, magari hayatapangwa kwa kasi ya majaribio. Yatapangwa kwa rekodi iliyoko UKUTANI. Ni ule ukuta mrefu wa karibu na bomba la maji, ulioandikwa matokeo ya kila gari tangu mwanzo. Lililomaliza mbio nyingi zaidi linaanza mbele kabisa.

Nikaenda kuhesabu. Sisi wa sita kati ya magari manane. Kipara wa tatu.

Kipara alikuwa fundi wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana. Akaondoka na ile spana, akaanzisha timu yake. Gari lake ni namba tisa, letu namba sita. Banda lake ni la kwanza ukiingia njia ya mabanda, lina kivuli, lina soketi mbili za umeme. Letu ni la mwisho kabisa. Mstari mweupe wa kumalizia umevuka barabara kuu ukapitiliza mpaka kwenye njia ya mabanda, na sisi tuko mbele ya huo mstari hatua kumi, mlango kwa mlango na choo. Kila meneja nimemlalamikia. Wanne wamekufa bila kunijibu.

Nikasimama mbele ya ukuta. HAWAKUMALIZA. HAWAKUMALIZA. HAWAKUMALIZA. Nikatazama. Nikatazama tena. Jamani! Futa HA ya mwanzo. Badili KU iwe LI. Inabaki nini?

WALIMALIZA!

Kumbe kati yangu na utukufu pana herufi nne tu! Aliyeitengeneza lugha hii alikuwa mtu wa michezo.

Nimeshapata kopo la rangi nyeupe na la nyeusi. Nimemwambia Fundi Tairi ni za mlango wa choo.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya! Saa moja asubuhi, walinzi wako kwenye chai. Ngazi, brashi, makopo mawili. Miwani nimeiacha nyumbani makusudi, maana mzee mwenye miwani juu ya ngazi anaonekana ana jambo. HA nje, KU nje, LI ndani. Mara sita. Nimeshuka napiga mluzi.

Baadaye, siku hiyohiyo. Siandiki vizuri, nina hasira.

Saa tisa meneja alitukusanya akashika kipaza sauti. Akasema anayeanza mbele, mwenye rekodi safi kuliko wote katika uwanja huu, mwenye kumaliza mbio kumi na saba, ni... Mimi nikafunga kifungo cha juu cha shati. Nikaanza kuinuka.

Gari TISA.

Nikakaa.

Sasa sikiliza, uone kama kosa ni langu. Juu ya kila safu pale ukutani namba imeandikwa kwa maneno. GARI SITA. GARI TISA. Tazama mwenyewe: S, I, T, A. T, I, S, A. Herufi zilezile nne! Na ziko ubavu kwa ubavu, kwa kuwa saba na nane walijitoa zamani wakafutwa. Ni mtu gani mwenye akili timamu anaziweka jirani?

Mama Saa, mtunza saa wetu, mwanamke asiyetabasamu tangu tumjue, akasema kwa kumbukumbu zake gari Tisa liliwaka moto mwaka ule wa mvua nyingi, na yeye ndiye aliyelimwagia mchanga. Meneja akajibu ukuta ni ukuta. Kipara akasema kuwaka liliwaka, hakatai, lakini moyoni siku zote alihisi lilimaliza. Machozi yakamtoka! Akanikumbatia mbele za watu. Akasema, swahiba, hatimaye historia imenitendea haki.

Nikampigapiga mgongoni. Ningefanyaje?

Binti yangu alikuwa anaitazama suruali yangu. Ina matone meupe. Aliniletea tapentaini na kitambaa akaondoka. Alisema tu, akiwa mlangoni, kwamba akimwambia meneja timu nzima itafungiwa, kwa hiyo tutaanza wa sita na tutanyamaza, na kwamba kiapo chake cha tatu bora kiko palepale. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Anasema kuanzia leo Babu akisema tisa, sote tujue ni sita.

Sijacheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kurudisha ukuta ulivyokuwa. Safari hii na miwani, na brashi ndani ya mkono wa koti. Nani nimemkuta? Kipara! Ameweka kiti mbele ya safu yake. Ana thermosi, ana gazeti, ana mwavuli. Anapokea wageni kama bwana harusi. Kila apitaye anaonyeshwa. Akaniita nipige naye picha. Nikasema nina haraka. Akasema haraka ya nini, nawe huna kazi ila kushika kijiti.

KIJITI!

Nimepiga picha. Mkono mmoja juu, kwa sababu brashi ilikuwa inachuruzika kuelekea kwapani. Mpiga picha akanisifu kwa uchangamfu.

Nimerudi mara tatu. Mara zote Kipara yupo. Mchana aliletewa chakula palepale.

Ijumaa, 7 Machi

Mkwe amenibembeleza nijaribu redio. Akanivika masikioni kile kitu, akaniambia nibonyeze nikitaka kusema, niachie nikimaliza. Nikabonyeza. Nikasema haloo. Nikaachia. Vizuri. Hata mtoto anaweza.

Ila kibonyezo hakikuachia. Kiliganda. Mimi sikujua. Kwa robo saa timu nzima, pamoja na mjukuu wangu akiwa kasi ya ajabu kwenye kona ya tatu, walinisikia nikimweleza Fundi Tairi kwamba mkwe wangu hawezi kutofautisha jeki na jiko, na kwamba siku ya posa yake gari lilimzimikia getini tukalisukuma sisi, yeye akiwa ndani, ameshika usukani kwa makini.

Mkwe alikuja amekuwa mwekundu masikio. Akasema, Baba, lile gari lilikuwa la kuazima. Nikasema hata kuazima kuna kuchagua.

Mjukuu ameomba redio ibaki, maana hajawahi kufurahia majaribio kama ya leo. Binti yangu ameizima yeye mwenyewe. Jumapili tunatumia kibao. Mara ya mwisho, anasema. Ngoja.

Jumamosi, 8 Machi

Nina mpango. Nina mpango! Sijalala mchana kwa furaha.

Tunaanza wa sita. Mjukuu wangu nimemlea, ana mguu wa chuma, atapita wawili kabla hamjapepesa macho. Atakuwa wa nne. Wa tatu, naona kama naona, atakuwa gari Tisa, kwa kuwa litaanza mbele, halina nguvu ya kukaa mbele, litashuka taratibu mpaka hapo. Linahitajika jambo moja dogo: gari Tisa lipungue.

Dereva wa Kipara ni mgeni. Amekuja mwezi uliopita. Mtiifu mno, anaomba ruhusa hata kupiga chafya. Kibao cha Kipara kina fremu ya NJANO. Changu fremu nyekundu. Lakini rangi ni rangi. Leo nimepaka njano. Nimechagua ujumbe: TISA INGIA. Aupate mwanzo wa mzunguko wa mwisho, amalize mzunguko, aingie bandani kwake kunywa maji, na sisi tunapita barabarani kwa heshima zetu.

Shida moja. Sandukuni nina herufi I mbili tu, ujumbe unataka tatu. Nimeweka namba 1 hapo penye I ya kwanza. T1SA INGIA. Kwa kasi ile nani atajua?

Na nimevaa miwani. Nimesoma mara kumi. T mwanzo, S katikati. TISA. Wasiniambie kitu.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika haraka.

Mizunguko ishirini. Mjukuu wangu! Mzunguko wa nne alishapita mmoja. Mzunguko wa kumi na moja akapita wa pili kwenye kona ya choo, kwa ndani, mahali ambapo hata paka angegeuka. Nilipiga kelele mpaka meno yote manne yakahama. Gari Tisa likashuka kama nilivyosema. La pili. La tatu. Wawili wa mbele wakapotelea mbali. Nyuma yetu hakuna mtu kwa nusu uwanja. Gari Tisa, kisha Sita, pua kwa mkia, raundi baada ya raundi, na nafasi ya kulipita haipatikani. Binti yangu anatafuna kofia. Mkwe anaitazama kompyuta, na kompyuta inamtazama.

Nikamwambia Fundi Tairi aje ashike ndoo, maana mimi kibao hukiinua nikiwa nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaona fremu ya njano. Akaona maandishi. Akasema, Mzee wangu, hii ni akili au ni jela? Nikasema shika ndoo.

Wakaja! Mwanzo wa mzunguko wa mwisho. Nikakiinua. T1SA INGIA. Nikaona kofia ngumu ya dereva wa Kipara ikigeuka. Ameona! Ameitikia kwa kichwa, maskini, kwa adabu. Nikataka kuruka.

Halafu nikaona kofia ya mjukuu wangu nayo ikigeuka. Nayo ikaitikia.

Nilijiuliza anaitikia nini. Nikapata jibu palepale. Fremu isingemdanganya, anamjua babu yake, hakuna mzee mwingine duniani anayesimama juu ya ndoo. Na Babu akiandika tisa, ni sita! Siku moja tu maishani mwangu nimeandika sawasawa, NIKASOMWA KINYUME!

Nikapunga mikono. Nikapunga kibao. Fundi Tairi anasema nilipunga na mguu. Binti yangu akauliza ninacheza nini.

Mwisho wa mzunguko, magari yote mawili yakaacha barabara kuu, yakaingia njia ya mabanda. Tisa mbele, Sita nyuma. Uwanja mzima ukasimama. Binti yangu akasema jina langu la kuzaliwa, ambalo hajawahi kulitaja.

Gari Tisa likafika banda la kwanza likasimama. Kipara akatoka na kikombe cha chai. Nilimsikia kutoka mwisho wa njia, akimuuliza dereva wake amefuata nini. Dereva akasema ameitwa. Na nani? Na wewe, mzee. Mimi nina chai hapa, nimekuita saa ngapi? Ondoka! Gari likakohoa. Likazima. Likakataa.

Mjukuu wangu akapita ubavuni mwao taratibu, akaja zake mpaka mwisho wa njia, akavuka mstari mweupe, akasimama mbele yangu hatua kumi baada yake, mlango kwa mlango na choo. Akafungua kofia. Akasema, haya, Babu, nimeingia, kuna nini?

Mama Saa akashuka kutoka kibandani kwake na saa yake shingoni. Akautazama mstari. Akaufuata kwa mguu, kutoka barabara kuu mpaka njia ya mabanda, kama mtu anayepima shamba. Akasema mstari ni mmoja. Aliyeuvuka ameuvuka. Gari Sita, NAFASI YA TATU!

Sikumbuki nilivyoshuka kwenye ndoo. Nadhani sikushuka, ilinishusha. Mkwe alinidaka. Tulikumbatiana, mimi na yeye, kisha tukakumbuka tukaachana.

Kipara akalalamika. Akaleta kibao changu mbele ya Mama Saa, akasema fremu ni ya njano na ujumbe ulimwita dereva wake. Mama Saa akavaa miwani. Akasoma polepole. Akasema sheria za uwanja hazisemi kitu kuhusu rangi ya fremu. Na kuhusu ujumbe, hapa pameandikwa T, moja, S, A, na katika mbio hizi hakuna gari la jina hilo. Kisha, wallahi sisemi uongo, akatabasamu. Jino moja la dhahabu! Miaka yote hiyo hatukujua.

Ametumwa mwandishi wa uwanja ukutani na rangi. Chini ya GARI SITA: YA TATU. Chini ya GARI TISA: HAWAKUMALIZA. Mwandishi aliniomba nimshikie ngazi. Nikamshikia.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao. Mkwe ameleta duara jipya. Anasema hatujawahi kuwa wa tatu katika uwanja huu, kwa hiyo amelazimika kuongeza rangi nyingine, na rekodi sasa imechanganyika kuliko zamani. Nikamwambia mbio za jana zilikwenda nilivyozipanga tangu Jumamosi, kila hatua. Nilijua mstari umepita hapo. Nilijua mjukuu atasoma kinyume. Mjukuu akaangalia dari. Fundi Tairi akakohoa.

Binti yangu alingoja nimalize. Akasema yeye akiapa ameapa. Akaleta kibao mwenyewe, amekifuta vumbi, fremu ameirudisha nyekundu. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kwa baba. Akasema, kibao ni chako, Baba, mpaka siku utakayokichoka.

Nikatafuta sanduku la herufi. Halipo.

Akasema herufi hakuziapia. Zimefungiwa kabatini, na ufunguo anao mume wake, shingoni, chini ya shati.

Nilikaa na kibao kitupu mapajani. Nikawaza. Herufi za bati zilikuwa na uzito. I zilikuwa mbili tu. Nilikuwa siwezi kusema zaidi ya maneno mawili kwa mara moja, na mimi ni mtu wa maneno mengi.

Jirani yetu ni mwalimu. Amenipa CHAKI. Pakiti nzima!

Chaki haina mwisho wa I. Leo mchana nimefanya mazoezi. Nimeweza kuandika SALAMU DEREVA MPENDWA TAIRI LAKO LA NYUMA LINATOA MOSHI NAKUSHAURI USIMAME. Imeingia yote. Mbio zijazo kila dereva mpinzani atapata barua yake, wote saba, na rangi za fremu nimeshazinakili. Miwani sihitaji. Chaki unaandika kubwa.

Anayetilia shaka yaliyomo humu amuulize Fundi Tairi, aliyeshika ndoo. Amuulize Mama Saa, mwambieni acheke muone jino. Amuulize mjukuu wangu, ila mama yake asiwepo. Mkwe pia alikuwepo, lakini yeye atawaletea duara. Na Kipara atathibitisha kila neno, mbio, rangi, mstari na chai. Mkimuuliza, simameni mbali kidogo, ile spana yangu bado anayo.